Kitabu cha Mtambo wa Shosho Kabura

Jumatatu, 9 Oktoba 2006. Kitale

Mimi, Derrick Wekoye, ni mtu wa bahati, na sioni haya kuiandika kwenye ukurasa wa kwanza. Kuna mafundi wamepoteza vidole, wengine wamepoteza nyusi, na mmoja wa Cheptais alipoteza jiko, paa na bibi kwa siku moja. Mimi mwaka wa kumi na moja huu nafunga majiko, mitungi na hita, kutoka Kitale mpaka Bungoma, na Dubai pia miezi saba, na hakuna mtu hata mmoja aliyelala karibu na moto niliouwasha mimi akakosa kuamka. Hata kuumwa kichwa hakuna. Wengine wamezaliwa na matege, mimi nilizaliwa na bahati.

Kitabu chenyewe ni cha duka la dawa za mifugo, cha mwaka jana, kwa hivyo siku zake hazipatani na siku za Mungu. Nakata, naandika juu. Nimepewa na Ngige, mkulima wa mahindi hapa nje ya mji. Dada yake Mary Ann yuko Amerika, na amemtumia mama yao mtambo wa gesi wa kupasha nyumba joto, ndani ya kontena, mpaka Mombasa, mpaka hapa. Akasema kwa simu: fundi aandike kila siku mtambo umefanya nini, nitasoma nikija Krismasi. Atakuja na mtoto wa miezi mitano, na watalala chumba cha mama, kwa sababu ndicho kitakuwa na joto.

Basi naandika. Niliachia shule darasa la saba, lakini mwandiko wangu ulisifiwa na mwalimu mkuu mbele ya shule nzima.

Jumanne, 10 Oktoba

Mtambo umeletwa na trekta, umelala chali kama bwana harusi mlevi. Ni kabati la chuma la kimo changu. Gesi inawaka chini, feni inasukuma joto kwenye mabomba ya bati hadi vyumbani, na ile hewa iliyotumika na moto inatoka kwa bomba lake peke yake. Nilimweleza Ngige bila kufungua kitabu.

"Na Dubai wanatumia hizi?" akauliza.

"Kila nyumba."

"Si Dubai ni jangwa?"

"Mzee, baridi ya jangwa, uliza mtu amefika."

Mama yake alicheka mpaka blanketi likaanguka. Huyu ndiye Shosho Kabura; shosho ni nyanya kwa Kikuyu chao. Anakaribia miaka themanini, amevaa sweta mbili na soksi za marehemu mzee wake. Walikuja hapa kutoka Nyeri miaka ya sitini na jembe mbili, na anasema tangu siku hiyo miguu yake haijapata joto. "Wekoye," akaniambia, "ukinipatia joto ya miguu tu, hiyo mdomo yako nitaivumilia."

Nimempenda. Watu wanaonicheka nawapenda haraka.

Ijumaa, 13 Oktoba

Mvua siku nne. Kazi ndani.

Mtambo tumeuweka stoo, ukuta mmoja na chumba cha Shosho. Kitabu cha mtambo ni kinene kama Biblia na ni Kiingereza kitupu, lakini mimi nasoma picha. Picha ya kwanza: ukuta wa nje una matundu mawili, moja karibu na dari na moja karibu na sakafu, ili moto upate hewa yake. Picha ya pili: bomba linapita dari, linatoboa paa, linasimama juu kabisa. Picha ya tatu: mtu amelala, na alama ya kukosa, X, imechorwa juu yake. Hiyo sikuielewa.

Matundu nimetoboa mawili, safi. Shida ni bomba. Wepukhulu, fundi wa mabati wa Bungoma, alinitengenezea futi nane, na nyumba hii ya mzungu wa zamani ina dari ndefu. Bomba limeingia darini likaishia hapo, kama mtu aliyechungulia akasahau alitaka nini. Juu yake kuna vigae vyekundu.

"Usiguse vigae," Ngige akasema. "Hii paa haijavuja tangu nizaliwe. Ukitoboa na hii mvua, utahamia hapa uwe ndoo."

Nikaangalia mvua. Nikaangalia vigae. Nikamwambia dari lenyewe ni kubwa kama kanisa, na gesi haina moshi kama kuni, hiyo hewa itapotelea huko juu. Halafu, kwa sababu kimya kilikuwa kimeingia na mimi siwezi kimya, nikaongeza: "Na Shosho, mahindi ya mbegu mtundike huko darini. Yatakauka kama yale ya juu ya jiko la zamani."

Wote wakacheka. Mimi pia.

Jumamosi, 14 Oktoba

Umewaka. Moto wa bluu, umesimama wima kama askari. Shosho alivua soksi mbele ya watu. Nimechinjiwa kuku. Ngige anasema watu wa Bungoma kuku akipita mbele yao anaandika wosia. Nilikula bila kumjibu, kinywa kilikuwa na kazi.

Jumatatu, 16 Oktoba

Bluu. Mvua.

Jumatano, 18 Oktoba

Bluu. Stima ilipotea saa sita, mtambo ukalala. Imerudi, umeamka.

Jumapili, 22 Oktoba. Bumula

Nimekuja nyumbani. Phelista, mke wangu, anaendelea na mtindo wake: analala mlango na madirisha wazi, mvua au jua, kama duka. Majirani wameshazoea. Mimi nalala na koti.

Nilimwambia habari ya mtambo wa Amerika. Nilisimulia vizuri, hata yule bwana harusi mlevi nilimtia. Akaendelea kuchambua maharagwe.

"Imefungwa vizuri?" akauliza.

"Mimi ndiye nimefunga."

"Nimesikia. Nimeuliza kama imefungwa vizuri."

Nilipita kwa kaburi la Dinah, mtoto wetu. Nyasi imemea. Nimonia, Julai 2004, alikuwa na miaka sita. Nilisimama kidogo nikasikia mguu wa kushoto umekufa ganzi, nikauhamisha. Hakuna kingine nilisikia.

Alhamisi, 26 Oktoba. Kitale

Bluu. Ngige ameanza kuvuna. Mvua imekataa kuondoka, na mwaka huu hata wazee wanasema haieleweki. Mahindi yanakatwa yakiwa na maji, yanamwagwa kwenye turubali uani, jua linatoka dakika ishirini, wote wanakimbia kuanua tena. Wanunuzi wanaingiza mkono guniani, wanatikisa kichwa, wanaondoka.

Jumanne, 31 Oktoba

Mvua.

Ijumaa, 3 Novemba

Mtambo umepewa cheo kipya, sasa ni mkausha mahindi. Ngige amepanga magunia tisa stoo, mpaka karibu na mlango wa moto.

"Mzee, mtambo unataka nafasi," nikamwambia.

"Dubai," akasema kwa jina la utani alilonipa, "wewe unataka nafasi. Mtambo unataka kazi."

Nilicheka. Ilikuwa nzuri, lazima nikubali. Nikasogeza magunia mawili, nikaenda zangu. Niliona pia tundu la chini limezibwa na gunia tupu. Shosho anasema baridi ilikuwa inapita hapo chini ya mlango inamuuma vidole, na panya wamesikia habari ya mahindi.

"Shosho, hilo tundu ni pua ya mtambo."

"Hata mimi yangu nikiwa na baridi naifunika."

Nililizibua. Nikitoka uani nikamsikia akilirudisha gunia. Sikurudi. Sijui kwa nini sikurudi. Nilikuwa na mtungi wa mtu mwingine mgongoni.

Jumatatu, 6 Novemba

Moto una njano kidogo kwenye ncha. Nimepuliza vumbi.

Jumatano, 8 Novemba

Paka wao amehama nyumba. Analala kwa ng'ombe. Shosho anasema amekuwa na kiburi tangu joto liingie.

Ijumaa, 10 Novemba

Njano. Shosho anaumwa na kichwa. Akina mama wa kanisa walikuja kumwombea, wakakubaliana ni presha. Mmoja alisema ni kahawa.

Jumamosi, 11 Novemba

Njano.

Jumanne, 14 Novemba

Nataka niandike hii sawasawa, kwa sababu Mary Ann atasoma.

Shosho aliniita jikoni. Jiko lao la kupikia liko nje, kibanda cha mabati, upepo unapita kila upande. Alikuwa amekaa kwa kigoda na anaongea vizuri, macho yako wazi, hata amenitukana mara mbili.

"Wekoye, nikiwa hapa niko sawa. Nikiingia ndani nilale, nikiamka kichwa ni kama imepigwa na mchi. Nikitoka tena, saa moja hivi, imepona. Presha inajua mlango?"

Nikamwambia uzee una mambo mengi.

"Uzee niko nao jikoni pia," akasema.

Nilirudi stoo nikasimama mbele ya mtambo. Moto wote ni njano, unalala upande, na bati juu yake limeota masizi. Fundi yeyote anajua: moto wa bluu unapata hewa ya kutosha. Moto wa njano una njaa ya hewa, na moto wenye njaa hauzimiki, unatoa sumu. Haina rangi wala harufu. Ile harufu ya gesi tunayoogopa ni ya gesi ambayo haijawaka, na watu wakikosa kuinusa wanasema tuko salama.

Nilijua hayo yote nikiwa nimesimama pale. Nikazibua tundu la chini. Nikaandika hapa "njano". Nikaenda kunywa chai.

Alhamisi, 16 Novemba

Bluu ilirudi kidogo. Nikafurahi kwa sauti, nikasimulia watu wa stendi vile niliponya mtambo wa Amerika kwa kidole kimoja.

Jumapili, 19 Novemba. Bumula

Mvua iliingia mpaka kitandani. Phelista alihamisha kitanda, hakufunga dirisha.

"Funga basi hilo moja," nikasema.

"Funga wewe."

Sikufunga.

Alhamisi, 23 Novemba. Kitale

Mvua. Njano.

Jumanne, 28 Novemba

Mary Ann alipiga simu, nikapewa niongee. Sauti iko karibu kama mtu yuko choo cha nje.

"Fundi, mtambo unaendeleaje?"

"Madam, kama saa ya Uswisi."

"Unaandika?"

"Kila siku."

"Asante sana. Unajua mtoto wangu alizaliwa kabla ya wakati, mapafu yake ni madogo. Daktari alisema asipatwe na baridi. Nilitaka nisije, lakini nikasema kwa kuwa mama ana joto, nitakuja."

Nikamwambia aje. Nikamwambia Kitale nzima inamngoja. Baada ya simu nilikaa kwa gunia la mahindi muda mrefu. Ngige aliniuliza kama nimeshiba simu.

Ijumaa, 1 Desemba

Niliuliza ngazi nipande darini. Ngige alisema kesho kutwa, leo iko shambani. Nikasema sawa. Sawa imekuwa neno rahisi sana kwangu.

Jumapili, 3 Desemba

Naandika nikiwa kwa benchi la hospitali, saa tisa mchana. 

Nilifika asubuhi saa nne na nusu na mtungi mpya. Ngige alikuwa kanisani. Uani kulikuwa na mahindi chini ya turubali, mvua nyembamba, kimya. Nikabisha, "Hodi Shosho, karibisha bahati." Hakuna. Akina mama walikuwa wamemwacha apumzishe kichwa. Mlango wa chumba chake ulikuwa umefungwa na blanketi limesukumwa chini yake kutoka ndani.

Nikasukuma. Joto likanipiga usoni, joto tamu, kama mkono wa mtu anayekupenda. Alikuwa kitandani upande wa ukuta, ametapika kwenye kanga, macho nusu wazi, hayaniangalii. Mkono mmoja ulikuwa unaning'inia nje ya kitanda ukielekea mlango.

Hapa ndipo lazima niseme ukweli, hata kama kitabu ni cha mtambo. Nilisimama. Sikumwendea. Nilisimama kwenye mlango na mtungi wa gesi mgongoni kama punda, na nikafikiri kitu kimoja tu, pole pole: hiki nimeshakiona. Sijui ilikuwa muda gani. Labda ni kuvuta pumzi tano. Pumzi tano ni nyingi kwa mtu ambaye hana hata moja.

Halafu kidole chake kilisogea.

Nikatupa mtungi. Nikambeba. Ni mwepesi, bana, huyu mama aliyelima ekari ishirini ni mwepesi kama kapu la manyoya. Nikatoka naye mpaka katikati ya uani kwenye mvua, na mahali pa kumlaza palikuwa pamoja tu, juu ya turubali la mahindi. Nikamlaza kwa upande. Nikarudi kuzima mtambo na kupiga madirisha kwa teke, yote, moja moja.

Ngige aliingia na pikapu wakati huo, suti ya kanisa, akaona dirisha la mzungu liko chini, na mama yake amelala kwenye mvua juu ya mahindi.

"Dubai! Unafanyia mama nini?"

"Mshike kichwa! Mwache kwa hewa, usimwingize ndani!"

"Ananyeshewa!"

"Anyeshewe!"

Alinishika kola. Nafikiri angenipiga, na singezuia. Lakini Shosho alikohoa, akatapika tena, mara hii juu ya mahindi yenyewe, na akafungua macho akaangalia mvua.

"Ngige," akasema kwa sauti ya karatasi, "mahindi imefunikwa?"

Ngige akalia. Mimi sikulia. Nilikuwa nahesabu vidole vyake vinavyosogea.

Hapa hospitali wamemwekea hewa ya mtungi. Daktari ni kijana mwembamba, Kipsang, anauliza kama polisi: "Mnachoma nini ndani ya nyumba?"

"Gesi tu, daktari," Ngige akasema. "Gesi haina moshi."

"Nani aliwaambia?"

Ngige aliniangalia. Muuguzi aliniangalia. Kulikuwa na mahali pazuri hapo pa kuweka mzaha, nilipaona wazi kama kiti kitupu.

"Ni mimi," nikasema.

Jumatatu, 4 Desemba

Shosho ataishi. Anakumbuka jina lake na dhambi za majirani.

Ngige aliniletea ngazi, akaiegemeza, akasimama chini. Nikapanda darini na tochi. Nilitarajia bomba langu na giza. Nikakuta mahindi ya mbegu, mamia, yamefungwa jozi jozi kwa maganda yake na kutundikwa kwenye kila mbao kuzunguka mdomo wa bomba, yamening'inia karibu karibu kama popo. Mdomo wenyewe ulikuwa umefunikwa nusu na gunia, ili joto lisitoroke haraka. Hewa chafu ilikuwa haina pa kwenda ila kurudi chini, kwenye stoo, na kupitia mbao za dari mpaka chumbani.

"Nani alitundika?" nikauliza kutoka juu.

"Mimi," Ngige akasema. "Mama alipanga. Zamani mbegu yetu yote ilikaa juu ya moto wa kuni, moshi inazuia dudu." Akashika ngazi. "Si wewe ndio ulisema?"

Ndiyo. Ni mimi ndiye nilisema. Mzaha wangu ulikuwa umetundikwa pale jozi jozi.

Nikiwa bado juu ya ngazi nikamwambia yote. Kwamba bomba lilikuwa fupi na nilijua ni fupi. Kwamba tundu la chini nilijua limezibwa. Kwamba moto ulikuwa njano tangu Novemba na niliandika njano kama mtu anayeandika hali ya hewa. Kwamba Dubai nilikuwa natandika vitanda hotelini, sijawahi kuona mtambo kama huu mpaka wake uliposhuka kwa trekta.

Nilingoja avute ngazi.

"Shuka," akasema. "Sema bei ya bomba refu."

"Hakuna bei."

"Sijakuuliza kama uko na roho nzuri, Wekoye. Nimekuuliza futi ngapi."

Ni mara ya kwanza aliniita kwa jina.

Jumatano, 6 Desemba. Bungoma

Wepukhulu alipima bati mara mbili.

"Nirikuambia futi nane haifiki," akasema.

"Uliniambia."

"Na urisema nini?"

"Nilisema itatosha."

Akachukua nyundo. Alipiga bati mpaka jioni.

Jumamosi, 9 Desemba. Kitale

Vigae sita vimetolewa. Bomba limepita paa na kusimama futi tatu juu ya mgongo wa nyumba, na kofia ya kuzuia mvua. Nimeziba kandokando na bati laini la madini ya risasi. Ngige alikaa darini na tochi saa nzima mvua ikinyesha, akitafuta tone. Hakuna.

Mahindi yametoka stoo. Matundu mawili nimeyapanua na kuyawekea wavu wa chuma wa panya, ambao hauwezi kuzibwa bila kunyofolewa. Mlango wa stoo sasa unajifunga wenyewe. Kwa chumba cha Shosho nimeacha tundu jingine dogo juu ya dirisha. Baridi itaingia kidogo. Nimemwambia Ngige amnunulie soksi.

Jumanne, 12 Desemba

Bluu. Nimekaa mbele yake kutoka asubuhi hadi saa kumi. Nikashika kijiti cha kiberiti kinachofuka moshi karibu na bomba: moshi ulivutwa juu.

Bluu.

Ijumaa, 15 Desemba

Shosho amerudi, lakini haingii chumbani. Amekaa jikoni, nje, na mizigo yake ya hospitali.

"Wewe lala kwanza," akaniambia.

"Mimi?"

"Kitanda changu. Sasa hivi, mchana. Mimi nitaweka kiti kwa mlango nikuangalie. Ukiamka, nitalala. Usipoamka, nitajua."

Ngige aligeuka ukutani, mabega yanacheka.

Nikalala. Chumba kina joto, si lile joto tamu, ni joto la kawaida lenye baridi kidogo puani. Yeye kwenye kiti, blanketi, fimbo, macho mawili. Usingizi haukuja.

"Wekoye, uko na watoto?"

"Nilikuwa na mmoja, Shosho."

"Alikuwa na nini?"

"Nimonia."

 Aliniangalia vile alikuwa akiangalia mahindi ya mtu anayeapa yamekauka. Mtambo ulikuwa unavuma ukutani. Nafikiri baadaye nililala, kwa sababu alinigonga mguu na fimbo.

"Amka. Umekoroma. Mtu mzima anakoroma akiwa na viatu kwa kitanda ya mama ya mtu."

Usiku huo akalala yeye. Asubuhi ameamka na njaa.

Jumatatu, 18 Desemba

Bluu. Paka amerudi.

Jumatano, 20 Desemba

Bluu. Mary Ann amefika Nairobi. Anataka kitabu siku ya Jumapili, asome kabla mtoto hajalazwa. Ngige aliniambia kwa upole kwamba naweza kung'oa ukurasa mmoja mmoja, yeye hataona.

Jumamosi, 23 Desemba. Bumula

Mvua imekatika. Phelista yuko nje anaanika, mlango uko wazi kama kawaida. Nilimsomea kitabu hiki chote, hata za bluu. Alisikiliza amesimama. Nilipofika mwisho akaniuliza, "Na ukurasa wa kwanza unaupeleka hivyo?"

Niliushika niung'oe. Halafu nikauacha, kwa sababu mama ya mtoto mwenye mapafu madogo anastahili kujua ni nani amefunga moto wa nyumba hii. Nimemaliza kuhakikisha mtambo, na kazi yake sasa ni nzuri, lakini alete fundi mwingine aikague kabla mtoto hajaingia. Asiniamini kwa maneno.

Mary Ann, ule ukurasa wa kwanza ni uongo. Picha ya tatu niliielewa siku ile ile niliyoiona. Julai 2004 mtoto wetu alikuwa na kikohozi, mama yake alikuwa kwa mazishi Bokoli, kulikuwa na baridi. Nilimwekea jiko la makaa chumbani, nikaziba dirisha na matundu ya juu kwa gunia nililolikunja vizuri, nikafunga mlango, nikaenda sokoni kusimulia watu Dubai. Nilirudi saa kumi jioni. Nilitoa jiko kabla majirani hawajafika, nikasema ni nimonia. Gunia nililisahau dirishani. Phelista ndiye alilitoa, na tangu siku hiyo halali dirisha likiwa limefungwa.

Haikuwa nimonia. Dinah Nakhungu Wekoye, miaka sita, alilala karibu na moto niliouwasha mimi, na hakuamka.